Karatasi ya Pili Kabla ya Kisu

Mgonjwa aliyetoboka utumbo kwa homa ya matumbo hufika hospitali akiwa amechelewa. Alianzia duka la dawa, akapita zahanati, akarudishwa nyumbani na vidonge, na siku tumbo lilipokuwa gumu kama ubao ndipo ndugu wakatafuta gari la kukodi. Akifika anawekewa dripu, anapitishiwa mpira puani, kisha analetewa karatasi ya kukubali kupasuliwa. Hiyo kila mtu anaijua. Lakini katika hospitali kadhaa za Afrika, kuanzia Kigali hadi Tamale, imeanza kuja na karatasi ya pili, inayoomba ridhaa yake aingizwe katika utafiti. Maumivu hayajatulia, chumba cha upasuaji kinaandaliwa, na mtu huyo anatakiwa aamue jambo ambalo hajawahi kulifikiria maishani.

“Wanataka kunijaribia,” ndivyo wengi wanavyosema, na shemeji aliyesimama pembeni huunga mkono. Hofu hiyo ina sababu zake na nitazigusa mbele. Hata hivyo naamini imeelekezwa pasipostahili. Kwa mgonjwa wa tumbo katika nchi zetu, hatari kubwa kwa miaka mingi imekuwa kupasuliwa, kushonwa na kuuguzwa kwa mazoea ambayo hakuna aliyeyapima kwa wagonjwa kama yeye. Utafiti unaoendeshwa vizuri ndio unaoweza kuyapima. Kinachohitaji jicho kali ni namna ridhaa inavyoombwa, na kule majibu yanakokwenda baada ya mgonjwa kuruhusiwa kurudi nyumbani.

Tuanze na ukubwa wa jambo lenyewe. Mwaka 2015 tume iliyoundwa na jarida la kitabibu la Lancet ilitoa makadirio kwamba watu bilioni 5 duniani hawafikiwi na upasuaji ulio salama na wa gharama wanayoimudu. Waliofanikiwa kufika mezani nao hawakuwa na bahati sawa. Mtandao wa madaktari wa upasuaji uitwao GlobalSurg ulifuatilia wagonjwa 10,745 waliopasuliwa tumbo kwa dharura katika nchi 58, na mwaka 2016 ukatangaza kwamba, hata baada ya kuzingatia hali ya ugonjwa wa kila mmoja, uwezekano wa kufa ndani ya siku 30 katika nchi maskini ulikuwa takriban mara tatu ya ule wa nchi tajiri. Miaka miwili baadaye utafiti mwingine, uliohusisha hospitali 247 katika nchi 25 za Afrika na wagonjwa 11,422 wa upasuaji wa kila aina, ulionyesha vifo vya asilimia 2.1. Hiyo ni mara mbili ya wastani wa dunia, ingawa wagonjwa wetu walikuwa vijana zaidi na wenye magonjwa machache zaidi mwilini. Wengi mno wa waliokufa hawakufia mezani. Walifia wodini, katika siku zilizofuata. Kwa akina mama waliojifungua kwa upasuaji, uchambuzi wa takwimu hizo hizo uliotoka mwaka 2019 uliweka vifo kwenye kiwango cha mara 50 hivi ya nchi tajiri.

Kisha kuna usaha. Hili halitangazwi redioni, lakini ndilo linalowatesa watu wengi zaidi baada ya upasuaji wa tumbo. Awamu ya pili ya GlobalSurg, iliyochapishwa mwaka 2018 kwa wagonjwa 12,539, ilikuta vidonda vimeingia maambukizi kwa asilimia 9.4 ya wagonjwa katika nchi zenye maendeleo ya juu, na asilimia 23.2 katika zile za chini. Karibu mmoja kati ya kila wanne. Aliyewahi kumuuguza mgonjwa wa namna hiyo anajua hesabu hiyo maana yake nini. Siku ya tano au ya sita bandeji inalowa, harufu inabadilika, homa inapanda. Nesi anafungua nyuzi mbili tatu, usaha unatoka, na kidonda kinaachwa wazi kisafishwe kila siku kwa wiki kadhaa. Dereva wa bodaboda aliyetarajia kurudi kazini baada ya mwezi anakaa miezi mitatu. Pesa ya dawa, ya gozi, ya nauli ya kwenda kufunga kidonda, inatoka kwa ndugu mmoja mmoja hadi wote wanachoka. Kwa hiyo swali la namna gani ya kusafisha ngozi au kubadilisha glovu linapunguza usaha si swali dogo la wataalamu. Ni swali la ada ya shule na la kodi ya nyumba.

Mazoea yasiyopimwa yana mifano mingi, na mmoja tunaujua wote. Mtu akipasuliwa utumbo haruhusiwi kula wala kunywa mpaka “atoe upepo”. Daktari akipita asubuhi swali lake la kwanza ni hilo, na bibi aliyeshika chupa ya uji anasubiri jibu kuliko hata mgonjwa. Sheria hiyo ilipokewa kizazi kwa kizazi kwa imani kwamba utumbo unahitaji kupumzika. Katika miaka ya 1990 daktari wa Denmark, Henrik Kehlet, alianza kuhoji mlolongo mzima wa desturi hizo: kufunga muda mrefu kabla ya upasuaji, mipira puani kwa siku nyingi, kulazwa bila kuinuka, kunyimwa chakula. Tafiti zilizofuata zilionyesha kwamba kwa wagonjwa wengi kula mapema ni salama na kunaharakisha kupona. Fikiria ni watu wangapi walioshinda na njaa, wakiwa na kidonda kinachohitaji chakula ili kifunge, kwa sababu tu hakuna aliyeuliza.

Mambo mapya nayo huingia bila kupimwa. Mwaka 1985 daktari wa Ujerumani, Erich Mühe, alitoa kifuko cha nyongo kupitia matundu madogo badala ya mkato mrefu, na mwaka 1987 Philippe Mouret akafanya hivyo Lyon, Ufaransa. Njia hiyo ilienea kwa kasi kubwa kabla ya kulinganishwa vilivyo na ya zamani. Leo inakubalika kuwa bora, na hilo ni kweli, lakini katika miaka ile ya mwanzo mirija ya nyongo ya watu wengi ilikatwa kwa bahati mbaya wakati madaktari wanajifunza. Wagonjwa wale walikuwa ndani ya jaribio bila kuulizwa, bila karatasi, bila mtu wa kuhesabu madhara. Hilo ndilo jaribio la kuogopwa. Pia desturi inayoonekana ya busara yaweza kuumiza. Ilikuwa imeanza kuaminika kwamba katika upasuaji mkubwa wa tumbo ni heri kumbana mgonjwa maji ya dripu. Utafiti wa RELIEF, uliohusu wagonjwa karibu 3,000 na kuchapishwa mwaka 2018, ulikuta waliobanwa maji walipata tatizo la figo kwa asilimia 8.6, na waliopewa kwa wingi asilimia 5.0.

Sasa tuangalie tafiti zilizohusisha wagonjwa wa Afrika, maana ndizo zinazomhusu mtu anayeletewa karatasi ile. Utafiti wa FALCON ulichukua wagonjwa 5,788 katika hospitali 54 za nchi saba: Benin, Ghana, India, Mexico, Nigeria, Rwanda na Afrika Kusini. Uliuliza maswali mawili. Je, kusafisha ngozi kwa dawa ya klorheksidini yenye spiriti ni bora kuliko iodini ya kawaida? Na je, nyuzi za bei ghali zilizopakwa dawa ya kuua vijidudu zinapunguza usaha kuliko nyuzi za kawaida? Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2016, lilikuwa limeelekea kwenye vile vya ghali. Jibu la FALCON mwaka 2021 lilikuwa wazi: hakuna tofauti. Takriban asilimia 22 walipata maambukizi, hata wapakwe nini au washonwe kwa uzi gani. Wapo walioona jibu hilo ni la kukatisha tamaa. Mimi naliona ni zawadi kwa hospitali ya wilaya. Bohari yenye iodini na nyuzi za kawaida haina sababu ya kujiona inawahudumia watu kwa vifaa duni, na pesa ambayo ingeingia kwenye nyuzi za ghali inaweza kununua kitu kingine.

Kitu hicho kingine kilijulikana mwaka uliofuata. Utafiti wa ChEETAh, katika nchi zile zile saba, hospitali 81 na wagonjwa 13,301, ulijaribu jambo rahisi mno. Upasuaji unapokaribia mwisho, kabla ya kufunga ukuta wa tumbo, timu nzima inayoshona inavua glovu zilizokuwa zikishika utumbo na kinyesi, inavaa mpya, na vifaa vya kushonea vinaletwa vingine safi ambavyo havijagusa tumbo. Ni hivyo tu. Maambukizi yalishuka kutoka asilimia 18.9 hadi 16.0. Watu watatu hivi kati ya kila mia wameepushwa na wiki za usaha kwa jozi za glovu na seti ya ziada ya mikasi na koleo. Hapakuhitajika mashine wala mtaalamu kutoka nje. Lakini bila wagonjwa 13,301 kukubali kufuatiliwa hadi siku ya 30, tofauti ya asilimia tatu isingeonekana kamwe. Daktari mmoja, hata awe na uzoefu wa miaka thelathini, hawezi kuona tofauti ndogo kiasi hicho kwa macho yake. Inaonekana tu kwa idadi kubwa, na idadi ni watu waliosema ndiyo.

Jirani zetu wa Uganda walitupa mfano ninaoupenda kuliko yote. Ngiri ya kinena ni ugonjwa wa wanaume wanaobeba, wanaolima na wanaosukuma mikokoteni. Katika nchi tajiri ngiri hufungwa kwa kuweka wavu maalumu unaoimarisha ukuta wa tumbo, lakini bei yake imewafanya madaktari wetu wengi waendelee kuvuta nyama za mgonjwa mwenyewe na kuzishona pamoja, njia ambayo ngiri hurudi kwa urahisi zaidi. Watafiti wa Uganda na Sweden waliuliza kama wavu wa chandarua ungefaa. Si chandarua chenye dawa kilichotundikwa kitandani. Ni kitambaa kipya cha polithilini kilichofumwa kwa namna ile ile, kikakatwa vipande na kutakaswa kwa mvuke katika mashine ya hospitali. Wanaume 302 wa mashariki mwa Uganda walikubali kupangwa kwa kura: nusu wavu wa kiwandani, nusu wavu wa chandarua. Wao wenyewe hawakujua wamewekewa upi, na waliowapima baadaye hawakujua pia. Baada ya mwaka mmoja ngiri ilirudi kwa mtu mmoja tu kati ya waliowekewa wavu wa chandarua, na haikurudi kwa yeyote wa kundi la pili. Kitakwimu hakuna tofauti. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2016 katika New England Journal of Medicine, jarida linalosomwa na madaktari wa dunia nzima. Waliolijibu swali hilo ni wanaume wa vijijini.

Kenya nayo ilishiriki katika utafiti wa CORONIS, uliowahusisha akina mama 15,935 waliojifungua kwa upasuaji katika nchi saba. Kila daktari wa uzazi ana namna yake anayoiapia: kufungua tumbo kwa vidole au kwa kisu, kuutoa mfuko wa uzazi nje wakati wa kushona au kuuacha ndani, kushona tabaka moja au mawili. CORONIS ilizilinganisha, na mwaka 2013 ikatangaza kwamba kwa mama, namna hizo hazikutofautiana kimadhara katika wiki sita za kwanza. Watafiti hawakuishia hapo. Waliwatafuta tena akina mama hao miaka mitatu baadaye na zaidi, wakawapata wengi wao, wakauliza kuhusu maumivu, ngiri na mimba zilizofuata. Tofauti haikuonekana tena. Ushirikiano wa namna hiyo, wa mama kufungua mlango wake miaka mitatu baada ya kujifungua na kujibu maswali ya mtu aliyekuja na daftari, haustahili kupita bila kutajwa.

Si kila utafiti unaofaa kwingine unafaa kwetu. Finland, utafiti wa APPAC uliwagawa watu wazima 530 wenye ugonjwa wa kidole tumbo: wengine wapasuliwe, wengine wapewe antibiotiki pekee. Miaka mitano baadaye, asilimia 39 hivi ya waliopewa antibiotiki walikuwa wameugua tena. Marekani, utafiti wa CODA wa mwaka 2020 kwa watu 1,552 ulikuta asilimia 29 ya waliopewa dawa wamepasuliwa ndani ya siku 90. Kwa mgonjwa wa Turku, Finland, anayeweza kupigwa picha ya kompyuta saa hiyo hiyo na kurudi hospitali kwa dakika ishirini, kuchagua vidonge ni jambo la busara. Kwa mgonjwa wa Sumbawanga vijijini au Turkana, ambaye kidole tumbo kikipasuka usiku barabara haipitiki, hesabu ni nyingine kabisa. Tafiti hizo ziliwaondoa mapema wale ambao ugonjwa umeshazidi, na hao ndio wanaojaa wodi zetu. Hii ndiyo sababu kubwa ya kutaka tafiti zifanyike hapa: majibu hayasafiri vizuri bila barabara, bila gari la wagonjwa, bila vipimo. Na hata likifanyika hapa, jambo zuri laweza kushindwa. Utafiti wa pili wa watafiti wale waliofuatilia hospitali 247 za Afrika, uliochapishwa mwaka 2021 kwa wagonjwa 28,892, uliwaweka walio hatarini karibu na meza ya nesi, ukaongeza kuwapima, ukaruhusu ndugu kukaa nao. Vifo na madhara makubwa havikupungua. Kitanda kikisogezwa karibu na meza isiyo na nesi wa kutosha, hakijasogezwa popote.

Narudi kwenye karatasi. Hofu ya kujaribiwa ina kumbukumbu halisi. Mwaka 1996, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo huko Kano, Nigeria, kampuni ya Pfizer ilijaribu antibiotiki yake kwa watoto, na familia zikadai hazikuelezwa kwamba ule ulikuwa utafiti. Mwaka 2009 kampuni hiyo ilifikia makubaliano ya dola milioni 75 na Jimbo la Kano bila kukiri kosa. Azimio la Helsinki, linaloongoza maadili ya utafiti kwa binadamu, lilikuwepo tangu 1964, likisema ridhaa ya mtu ni lazima. Maandishi mazuri hayakuwasaidia wazazi wale wakati ule. Ndiyo maana siwalaumu wanaosita, na naona daktari anayewaita wajinga anaharibu kazi ya wenzake.

Katika upasuaji wa tumbo tatizo la ridhaa lina makali ya pekee. Anayemeza kidonge cha utafiti anaweza kuacha kesho yake. Aliyeshonwa hawezi kurudisha uzi. Fomu zote husema “unaweza kujitoa wakati wowote”, lakini baada ya kisu, kujitoa maana yake ni kukataa tu kufuatiliwa. Kwa hiyo uamuzi wote uko kabla, na kabla ndiyo saa ya maumivu, ya nusukaputi inayoandaliwa, ya mume ambaye hajafika. Mtu mzima mwenye akili timamu ndiye mwenye haki ya kuamua juu ya mwili wake, hata mama aliyeolewa. Lakini kwetu watu huamua wakiwa na watu wao, na mtafiti anayemharakisha mgonjwa kabla dada yake hajarudi kutoka kulipia vipimo anapata sahihi isiyo na uzito. Pale ambapo dharura hairuhusu kusubiri, heri mgonjwa asiingizwe kabisa, kuliko kuingizwa akiwa hajui.

Kwa upasuaji wa kupangwa, kama ngiri, hakuna kisingizio. Maelezo mazuri huenda hivi, nesi akiwa ameketi usawa wa kitanda:

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Mzee, kesho utapasuliwa ngiri yako hata ukilikataa hili ninalokuja nalo. Tuna aina mbili za kufunga, zote zinatumika, na hatujui ipi inazuia ngiri kurudi. Naomba nikueleze, halafu na wewe unieleze ulivyoelewa.”

Nesi anaeleza kura itakavyopigwa na kompyuta. Mzee anasikiliza, anamwangalia mwanawe, kisha anauliza: “Kwa hiyo kompyuta ndiyo itakayochagua, si daktari?”

“Ndiyo, mzee. Daktari akichagua mwenyewe, wale wenye nguvu atawapa ile anayoipenda, na hatutajua kilichowaponya.”

“Na nikikataa?”

“Unabaki kwenye orodha ya kesho, nafasi yako ile ile.”

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo moyo wa jambo lote. Kukataa kukiwa na gharama, ridhaa hakuna. Na gharama hiyo si lazima itamkwe. Mwanaume asiye na pesa ya upasuaji, ambaye ameishi na ngiri miaka saba, akiambiwa ndani ya utafiti anapasuliwa bure na nje ya utafiti alipe, amechaguliwa na umaskini wake. Nauli na chakula cha siku ya kurudi kliniki ni haki yake, maana anatoa muda wake. Lakini upasuaji wenyewe usiwe chambo. Hospitali inayotaka kufanya utafiti wa haki inapaswa kuwa tayari kumpasua kwa masharti yale yale aliyekataa.

Mgonjwa au ndugu anaweza kupima uzito wa ombi kwa kuuliza jambo moja kwanza: hivi viwili vinavyolinganishwa, vyote vinatumika sasa hivi hapa, au kimoja ni kipya? Kama ni iodini dhidi ya klorheksidini, au kushona kwa namna mbili zilizozoeleka, hatari ya ziada ni ndogo mno. Angepata kimojawapo hata hivyo, na ndani ya utafiti atapigiwa simu siku ya 30 kuulizwa kidonda kinaendeleaje, jambo ambalo mgonjwa wa kawaida hapati. Hapo mimi ningemshauri mama yangu akubali. Kama ni kifaa kipya, dawa mpya au njia mpya ya kukata, mambo yanabadilika. Aulize ni nani atakayeshika kisu na ameshafanya hivyo mara ngapi. Swali hilo halina dharau, na jibu lake laweza kushangaza: huko Sierra Leone, utafiti wa ngiri ulilinganisha madaktari na matabibu wasio madaktari waliofundishwa kazi hiyo, na matabibu hawakufanya vibaya zaidi. Nchi kama Tanzania, ambako matabibu wamepasua akina mama wilayani kwa miongo mingi, inalielewa hilo.

Karatasi yenyewe lazima iwe kwa Kiswahili, au kwa lugha anayoisema mgonjwa nyumbani, na asiyejua kusoma asomewe mbele ya shahidi asiye na upande ndipo aweke dole gumba. Iwe na namba ya simu ya mtafiti na ya kamati ya maadili, nakala moja abaki nayo. Tanzania Bara kibali cha maadili cha kitaifa hutoka kwa kamati iliyo chini ya taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, NIMR, na utafiti wa dawa au vifaa tiba hupita pia kwa mamlaka ya dawa na vifaa tiba, TMDA. Kenya kuna kamati za maadili zilizosajiliwa, tume ya taifa ya sayansi iitwayo NACOSTI, na Bodi ya Dawa na Sumu. Uganda kuna baraza la taifa la sayansi na teknolojia, UNCST, na mamlaka ya taifa ya dawa, NDA. Mtu mwenye simu anaweza hata kutafuta utafiti huo kwenye daftari la tafiti za kitabibu la Afrika, PACTR, lililo Cape Town. Na aulize bila haya: nikipata madhara yanayotokana na utafiti wenyewe, nani analipa matibabu, kwa muda gani, na imeandikwa ukurasa gani? Jibu la “usiwe na wasiwasi” halitoshi.

Lililo gumu zaidi limebaki. Wagonjwa wanaoshiriki wanarudi makwao, matokeo yanachapishwa kwa Kiingereza katika majarida ya London na Boston, na mama aliyefuatiliwa miaka mitatu hapati hata ujumbe wa simu unaomwambia kilichogunduliwa. Namba yake ipo. Ilitumika kumtafuta kila mara alipohitajika. Hakuna sababu ya kiufundi inayozuia mstari mmoja wa Kiswahili: asante, tulilinganisha hiki na kile, tumekuta hivi. Kamati za maadili zina uwezo wa kulifanya hilo sharti la kibali, kama zinavyotaka ripoti ya kila mwaka.

Na kuna hospitali zenyewe. Matokeo ya glovu na vifaa yalitoka mwaka 2022. Rwanda ilikuwa ndani ya utafiti. Tanzania na Kenya hazikuwamo, lakini wagonjwa wa Mbeya na Kisii wanapasuliwa kwa magonjwa yale yale na wanapata usaha ule ule. Mganga mfawidhi anaweza kuhesabu wiki hii hii: upasuaji wa tumbo ni mara ngapi kwa mwezi, jozi ngapi za glovu za ziada, seti ngapi za kushonea zinahitaji kutakaswa tofauti, na bohari ya dawa itaagizwa lini. Akishaweka hesabu hiyo kwenye mpango wa mwaka, ndipo nesi anayekwenda kuomba ridhaa kwa utafiti unaofuata atakuwa na cha kumwonyesha mzee.